Mkubwa Mmoja, Watoto Watatu

Jana mchana niliota nimepanga foleni na wanangu wawili kwenye lango la Bustani ya Mawimbi. Mbele yetu hakukuwa na mtu hata mmoja, lakini foleni haikusogea.

Nasema mchana kwa sababu mimi ni muuguzi wa zamu za usiku, na ndoto zangu huja wakati wenzangu wako sokoni. Mume wangu, Elisante, anaendesha lori la masafa, Dar es Salaam hadi Lubumbashi na kurudi, na shangazi wa watoto hutusaidia nyumbani. Juzi alinipigia akiwa Tunduma, mpakani, akasema, "Mama Haika, Ijumaa nitakuwa nyumbani. Tuwapeleke watoto kule kwenye mabembea na maji. Nimeambiwa kuna kadi ya mwaka na kuna tiketi ya siku tatu. Piga hesabu, uchague wewe."

Nilipiga hesabu siku nzima. Kadi ya mwaka ni ghali, ila mkienda mara nne imejilipa. Tiketi ni nafuu, lakini siku zake zinafuatana, na siku ikikupita imekupita. Sikupata jibu. Nikatoka zamu, nikanywa chai, nikalala na swali langu.

Basi tuko kwenye foleni. Haika, wa miaka tisa, amebeba mkoba wangu. Aminiel, wa miaka minne, amekaa juu ya mkoba. Dirisha la tiketi liko mbali, halafu liko karibu, halafu liko nyuma yetu. Tunageuka.

"Wanaofuata," linasema dirisha.

"Hakuna waliotutangulia," nasema.

"Ndiyo maana mmechelewa."

Ndani ya dirisha hakuna karani. Kuna sebule, na sebuleni wamekaa wawili. Wa kwanza ni mama mnene aliyejifunga vitenge kumi na viwili, kimoja juu ya kingine, kila kimoja na jina la mwezi pindoni. Huyo ni Kadi ya Mwaka. Wa pili ni bwana mwembamba, amechanika kidogo upande wa kulia, ameshika kuku watatu waliofungwa miguu kwa kamba moja. Huyo ni Tiketi ya Siku Tatu.

"Shikamoo mama," namwamkia Kadi.

"Marahaba. Karibu ukae. Kiti hicho kinaliwa, kaa kile."

Bwana Tiketi ananyanyua kuku wake niwaone. "Ijumaa, Jumamosi, Jumapili," anasema. "Wanafuatana. Ukimchukua mmoja, wenzake wanaburuzwa nyuma yake. Wana wiki mbili za kuishi, utumie usitumie."

"Na wa kwako, mama?"

"Wangu wako bandani," anasema Kadi. "Mia tatu sitini na tano. Nawauza wote pamoja. Mnunuzi hachagui, na mimi sipunguzi."

"Siku nisipokuja inakuwaje?"

"Kuku anakula hata usipokuja."

"Anakula nini?"

"Anachokikuta nyumbani kwako. Huanza na viti ambavyo hamvikalii."

Nakumbuka kwamba mezani kwetu tuna viti vinne na kimoja hakijavutwa tangu Pasaka.

Kadi anatazama uso wangu kwa muda, kama ninavyowatazama ndugu wa mgonjwa. "Mimi nina vitenge vingi lakini si mwongo," anasema. "Kadi yangu ni ya familia ya watu wanne. Nenda bandani ukahesabu kuku wanaowajua nyote wanne. Wakizidi wanne, nichukue. Wasipozidi, mchukue huyu aliyechanika."

Banda ni wodi yangu. Sishangai. Vitanda vimepangwa pande mbili, na juu ya kila kitanda amelala kuku, na miguuni pa kila kuku pananing'inia faili. Nasoma la kwanza, kwa mazoea. "Jumanne. Hali: hajatumika." La pili: "Jumatano. Hali: hajatumika." La tatu limeandikwa kwa mwandiko wangu mwenyewe, halisomeki.

Nawaita kama tunavyoita kuku kwetu Machame. Wanainua vichwa. Wanaitazama sare yangu nyeupe, wanatazamana, halafu wanashuka vitandani mmoja mmoja, wakinyata, wanakwenda kusimama mwisho wa wodi.

"Taratibu," mmoja anawaambia wenzake. "Mama amelala."

"Sijalala," nasema.

"Anaota," anasema mwingine, na wote wanazidi kunyata.

Haika anapita pembeni yangu na mkoba wake, yaani mkoba wangu. Hawaiti. Anatembea tu, na kuku wanamfuata, wote, mpaka sakafu haionekani. Wengine wanampandia mabegani.

"Wanakujua?" namuuliza.

"Ni mimi ninayeshinda nao, mama." Ananionyesha kwa kidole. "Huyu ni ile Jumatano umeme ulikatika, nikamsomea Aminiel kwa tochi. Huyu ni siku shangazi aliunguza uji, tukala hivyo hivyo. Huyu mwenye kishungi uliniambia nikuamshe saa kumi uje kuangalia ngonjera yetu shuleni. Nikakuamsha. Ukasema bado kidogo."

"Nikaja?"

"Nilirudi nikakuamsha tena, uende kazini."

Kuku mwenye kishungi ananitazama kwa jicho moja. Hana kinyongo. Ni kuku.

Hapo honi inalia. Naijua honi ile. Hata Aminiel anaijua, maana huacha kula akiisikia. Ukuta wa wodi haupo tena, na tumesimama chini ya ile treni ya bustani inayopanda na kushuka angani. Lori la Elisante linakuja juu ya reli zake, tela na mzigo wa shaba, linapanda, linashuka, linazunguka kichwa chini, na halidondoshi kitu. Linasimama mbele yetu.

Kuku kumi na mmoja wanajitenga na wenzao, wanakimbilia lori.

"Kumi na mmoja," namwambia Kadi, ambaye sasa yuko pembeni yangu na kiti chake. "Umesema wakizidi wanne."

"Watazame shingoni."

Nawatazama. Wanane wamevaa kufuli.

"Hao ni sikukuu," anasema. "Krismasi, Mwaka Mpya, Pasaka, Idi na wenzao. Sikukuu watu ni wengi, kadi yangu haifungui lango."

"Lakini baba yao hurudi sikukuu."

"Najua. Wa huyu mwenzangu hawana kufuli, lazima nikwambie ukweli."

Bwana Tiketi anainamisha kichwa kwa adabu.

"Wanabaki watatu," nasema.

"Hao watatu mama alikuwa zamu," anasema Haika. Anasema kama mtu anayetaja saa.

Kadi anafungua kitenge cha Januari, anajifuta uso, anakifunga tena. "Basi hakuna hata mmoja," anasema. "Pole, mama."

Nimewaambia watu pole kwa sauti hiyo hiyo miaka kumi na mmoja. Sikujua kwamba ukiisikia unatafuta mahali pa kushika. Nashika mlango wa lori.

Mlango unafunguka na Elisante anaanza kushuka. Anashuka ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na bado anashuka. Mwishowe anafika chini na kofia yake iko usawa wa tairi, chini ya nati.

"Habari za nyumbani," anasema.

"Nzuri. Mbona hivyo?"

"Mbona vipi?"

Kabla sijajibu, fimbo ya kupimia urefu inasogea mbele yetu. Imesimama langoni siku zote, ila sasa ndiyo tunaiona. Imevaa beji ya mfanyakazi. "Chini ya mita moja ni mtoto, anaingia bure," inasema. "Mita moja na kuendelea ni mkubwa, analipa. Sipimi kichwa. Napima mtu alivyo nyumbani kwake. Simameni mmoja mmoja."

Aminiel anasimama, kidevu juu.

"Sentimita tisini na nane. Mtoto, bure."

Elisante anavua kofia.

"Sitini na mbili. Mtoto, bure."

"Mimi nina leseni ya magari makubwa," anasema Elisante.

"Hongera. Bure. Anayefuata."

Nasimama. Chuma cha fimbo kinashuka juu yangu, kinashuka, kinaendelea kushuka. Nakiona kikipita pale kilipokuwa kichwa changu.

"Themanini na tano. Mtoto, bure."

Nikitazama kuanzia chini, naona kamba za viatu vya shule vya Haika, na magoti yake, na juu kabisa, mbali, uso wake.

"Mita moja na sabini na mbili," fimbo inasema. "Mkubwa. Jumla, mkubwa mmoja, watoto watatu. Nani analipa?"

"Mimi," anasema Haika, na anafungua mkoba.

Nataka kusema kitu. Fimbo inanigonga bega, si kwa nguvu. "Watoto wasiongee dirishani."

Elisante ananisogelea. Miaka yote alikuwa akiinama ili ninong'one sikioni mwake, na sasa mimi ndiye ninayeinama, kidogo. "Mama Haika," anasema. "Hii imeanza lini?"

"Sijui. Nilikuwa zamu."

"Mimi nilikuwa kwenye mizani ya malori, Mikumi," anasema. Tunashikana mikono ili tusipotee.

Dirishani, Kadi na Tiketi wamesimama kumpokea Haika. Wanamwita mama, na yeye anaitika.

"Mama," Kadi anamwambia, "ukinichukua mimi, utakuja kila Jumamosi. Utakuja na mdogo wako na shangazi yako. Utayajua mabembea yote. Walinzi watakuita kwa jina. Kwa mtu kama wewe, mimi ndiye hesabu nzuri, na sisemi hivyo ili ninunuliwe."

"Hawa wawili watakuwepo?"

"Hawa wawili sina uwezo nao."

Haika anamgeukia yule mwembamba. "Na wako?"

"Wangu ni watatu tu," anasema Tiketi. "Wakiisha wameisha. Sina wengine nyuma."

Haika anafikiri. Anafikiri kama mimi ninavyofikiri, mdomo umevutwa upande mmoja. Sikuwahi kujua kwamba nafikiri vile.

"Wanaweza kukimbia?"

"Wamefungwa miguu."

"Akija mtu kuwaita kazini je?"

"Kamba ni moja. Akivutwa mmoja, wanakuja wote, pamoja na aliyeishika kamba."

"Nachukua hawa," anasema Haika. "Lakini kamba sishiki mimi. Mimi nimebeba mkoba."

Anachuchumaa mbele yetu, ana kwa ana. Anafunga ncha moja ya kamba kwenye mkono wa baba yake na ncha nyingine kwenye wangu, mafundo mawili mawili, kama anavyomfunga Aminiel viatu. "Msifungue," anasema. "Hata mkisikia simu."

"Sawa mama," anasema Elisante, na hakuna anayecheka.

Tunapanda treni. Haika anakaa mbele kwa sababu ni mkubwa. Aminiel anakaa katikati yetu na kuku watatu mapajani: Ijumaa ametulia, Jumamosi anakunya, Jumapili tayari anatazama pembeni. Treni inapanda taratibu. Kulia naona barabara yote ya Tunduma, malori yamepangana kama tasbihi. Kushoto naona hospitali yangu, na mtu anapunga mkono dirishani, na simu inalia mfukoni mwangu, inalia, inalia. Mkono wangu unakwenda mfukoni. Kamba inakaza. Elisante anavutwa upande wangu, kuku wanapiga kelele, Aminiel anawakumbatia.

"Mama," anasema Haika bila kugeuka.

Natoa mkono mfukoni.

Treni inafika juu kabisa, inasita, halafu chini yetu hakuna kitu.

Niliamka saa tisa alasiri. Haika alikuwa amesimama mlangoni na viatu vya shule mkononi, ili visilie sakafuni.

"Sijalala," nilimwambia kabla hajageuka. "Njoo."

Alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda. Alinitazama kama mtu aliyeitwa ofisini. Nilimuuliza habari za shule. Alisema nzuri. Nilimuuliza nani alikaa mbele ya nani, mwalimu alisema nini, walikula nini, na alipoona sipigi miayo alianza kunieleza kisawasawa. Ilichukua karibu saa nzima. Kulikuwa na kesi ya kifutio iliyoanza tangu wiki ya kwanza ya muhula, nami ndiyo kwanza naisikia.

Kisha nilimpigia Sista Byera, matroni wetu, nikamwomba Ijumaa, Jumamosi na Jumapili.

"Zote tatu?" aliuliza.

"Zinafuatana, Sista."

"Una mgonjwa?"

"Nina watoto."

Nikasikia akipekua ratiba. "Basi zamu ya mkesha wa Mwaka Mpya ni yako," alisema, na nikakubali.

Nikampigia Elisante. Alikuwa ameshavuka mpaka, yuko Makambako anakula.

"Nimechagua siku tatu," nilimwambia. "Ijumaa hadi Jumapili. Usimkubalie bosi safari yoyote humo katikati. Simu yako utaizima, na yangu nitaizima."

Nilidhani atabisha. Alisema, "Sawa." Kisha akasema, "Mama Haika, nikifika, kuna suruali yangu ya kijivu nataka niipeleke kwa fundi."

"Imefanyaje?"

"Sijui. Asubuhi nimeshuka kwenye gari, naona inaburuza chini. Nimeikunja mara mbili na bado naikanyaga."

"Umekonda."

"Sijakonda. Mkanda uko tundu lile lile. Ni urefu."

Nilikuwa nimekaa kitandani. Nikatazama miguu yangu. Ilikuwa inaning'inia, na kati ya vidole na sakafu pangeweza kupita kiganja cha mtoto.

"Usimpe fundi aikate," nilimwambia. "Subiri Jumapili jioni."