Sarafu Haiulizwi Hali

Mtu ambaye kazi yake ni kutafuta makosa hafai kupelekwa ukweni bila lijamu. Huyu wetu alikuwa msahihishaji wa gazeti. Kutwa kucha yuko na kalamu nyekundu, akiwinda herufi zilizopotea na nukta zilizokaa pasipo pake. Siku ya kwanza alipokwenda kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wake, kabla hata hajaketi, aliona kitambaa kilichotariziwa, kimetundikwa juu ya kabati: USIGUZE SARAFU.

"Ni usiguse, mzee," ulimi ukamtangulia. "Kwa s."

Kumbe kitambaa kile mama wa binti alikitarizi kwa mkono wake mwenyewe. Chai ilinywewa harakaharaka, na habari za posa hazikutajwa tena.

Wiki kadhaa baadaye binti alimletea habari njema. "Baba amekupa nafasi nyingine. Anatafuta programu ya kuorodheshea sarafu zake, nikamwambia wewe ndiye mtaalamu. Sasa nakuomba: ukiona kosa, limeze. Hewala haigombi."

"Na likinikwama kooni?"

"Basi utanioa ndotoni."

Baba mwenyewe alikuwa mkaguzi wa mizani aliyestaafu. Wauza nyama walimwita Mzee Mizani, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Sarafu zake alizihifadhi ndani ya viberiti vitupu, viberiti vikajaa kabati, na ipi iko wapi hakuna aliyejua, yeye akiwa wa kwanza. Mara tatu alibadilishana na wakusanyaji wenzake, akatoa sarafu nzuri, akapokea ambayo anayo tayari nyumbani. Mara ya tatu mkewe alicheka mpaka akakaa chini, na hapo ndipo mzee alipokubali kwamba kichwa peke yake hakitoshi.

Basi Jumamosi hiyo wakaketi kwenye meza ya chakula: mzee mbele ya laptopu aliyonunuliwa na bintiye, mizani ndogo pembeni, viberiti vimejipanga, kijana kulia kwake, binti ng'ambo ya meza akimenya machungwa. Mama alikuwa jikoni, mlango wazi, masikio wazi zaidi. Kijana alikuja na programu tatu za kujaribu.

Ya kwanza ilikuwa ya kupendeza, ina rangi kama duka la vitenge. Ilitaka barua pepe. Kisha ikataka neno la siri. Kisha ikasema neno lenyewe ni dhaifu, liongezwe namba na herufi kubwa.

"Sarafu zangu, ndani ya nyumba yangu," alisema mzee, "halafu naombwa neno la siri? Toa."

Ya pili ilijigamba kuitambua sarafu yoyote kwa picha tu. Mzee akaichagulia sarafu anayoipenda kuliko zote, ya zamani, yenye tundu katikati. Programu ikafikiri, ikafikiri, ikajibu: kitufe cha koti. Mzee akaitazama kama alivyokuwa akimtazama muuza nyama mwenye kidole juu ya mizani.

"Funga hiyo."

Ya tatu haikuwa na sura wala umbo. Kijivu kitupu, lakini ilizungumza Kiswahili. Jina. Mwaka. Uzito. Hali. Mzee akajaza jina, akajaza mwaka, akaiweka sarafu kwenye mizani na kuandika uzito mpaka nukta ya mwisho, huku akitikisa kichwa kwa kuridhika. Alipofika kwenye Hali, akatua. Uso ukalegea. Akaandika kwa kidole kimoja: Nzuri, ila goti la kushoto.

Msahihishaji akasogea mbele kitini. Kwa watu wa sarafu, hali ni ya sarafu yenyewe: imechakaa au bado mpya, ina mikwaruzo au haina. Akafungua kinywa. Chini ya meza, binti akamkanyaga.

Sarafu ya pili. Hali.

"Imeuliza tena!" mzee akafurahi. "Mama watoto, njoo uone! Mashine inanijulia hali. Zile nyingine mbili hazikunisalimu hata mara moja. Hii imelelewa." Akaandika: Ni ileile, tunashukuru.

Kazi ikanoga. Sarafu baada ya sarafu, uzito sahihi, mwaka sahihi, kisha: Nimelala vizuri. Njaa kidogo. Machungwa ni matamu. Kijana alimeza makosa hayo moja baada ya jingine, kama mgonjwa anayemeza vidonge bila maji. Lakini alivumilia, kwa sababu mzee alikuwa akicheka, na mzee akicheka binti anakaribia kuwa wake.

"Tukimaliza naichapa orodha yote," mzee alisema, akinyoosha mgongo. "Nawagawia wenzangu wa chama cha sarafu, kila mmoja nakala yake. Wataona mpangilio ni nini!"

Hapo kijana akaiwaza siku hiyo. Aliwaona wale wazee wenzake wakisoma habari za goti, wakipeana nakala, wakifuta machozi kwa kucheka. Alimpenda binti kuliko kitu chochote. Lakini angewezaje kumwoa huku amemwachia baba yake aibu ya namna hiyo? Akauvuta mguu wake nyuma, mbali na mguu wa binti.

"Mzee, nisamehe. Hapo hawakuulizi wewe. Wanauliza hali ya sarafu."

Kisu cha machungwa kikasimama. Mzee akarudi juu ya orodha, akasoma majibu yake yote, polepole.

"Umelijua hili tangu lini?"

"Tangu goti."

"Ukanyamaza."

"Niliogopa, mzee. Mara ya kwanza nilisema, nikaharibu. Leo nikaona bora ninyamaze. Halafu ukawataja wenzako."

"Kwa hiyo umeona afadhali umkose binti yangu kuliko mimi nichekwe?"

"Ndiyo, mzee. Ingawa kumkosa sitaki."

Jikoni mtu akalipuka kwa kicheko. "Goti!" mama alipiga kelele. "Eti goti la kushoto!" Mzee alijitahidi kukaza uso, lakini masharubu yakamsaliti, akacheka mpaka miwani ikamdondoka.

"Nizifute?" kijana aliuliza.

"Uzifute za nini? Goti linauma kweli. Tunachukua hiihii. Ongeza sehemu ya sarafu, na hii ya kwanza ibaki yangu. Kwenye nakala za chama tutaificha."

Kijana akaongeza: Hali ya sarafu. Mzee akarudisha miwani usoni, akachukua sarafu nyingine, akaigeuza kwenye mwanga, akaandika: ukingo umelika kidogo. Kisha akahamia kwenye sehemu yake. Akamtazama kijana juu ya miwani, akamtazama binti, na kidole kikaanza kutafuta herufi. Alipomaliza akaigeuza laptopu wote wasome.

Hali: Nzuri sana. Nimepata mke.

Mama, aliyekuja akifuta mikono, aliinama kusoma. Tabasamu likakatika katikati.

"Umepata nini?"

Mzee akasoma, hakuona kosa. Akasoma tena. Akamgeukia msahihishaji kwa macho ya kuomba msaada, na safari hii chini ya meza hakuna aliyekanyagwa.

"Kuna w imepotea, baba," alisema.