Kurasa Alizohifadhi Baba

Kompyuta ya zamani ya baba ilikuwa ikinguruma kama jiko la mafuta, nikachoka, nikamnunulia mpya. Ijumaa, tulipomaliza kula wali wa makluba, nikaziweka zote mbili mezani.

"Kurasa zangu zisipotee," akasema.

"Kurasa gani, za mpira?"

"Wewe hamisha, baba. Umbea baadaye."

Hapa mjini kwetu Irbid mzazi humwita mtoto kwa cheo chake mwenyewe. Baba huniita mimi "baba", naye humwita binti yangu Talin "babu", kama vile Talin anavyomwita yeye. Ndivyo tulivyolelewa.

Nikafungua kivinjari cha zamani na kuamuru kihamishe kila kitu: nywila, kurasa alizohifadhi, na yote aliyowahi kutafuta. Vikaanza kujitokeza kwenye kompyuta mpya.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa ramani, kutoka nyumbani hadi shule ya Talin. Nikashangaa, maana baba humpeleka kwa gari kila asubuhi, na ndiyo shule aliyokuwa akinipeleka mimi. Wa pili, kutoka shuleni hadi nyumbani. Wa tatu, kutoka msikitini hadi nyumbani, na msikiti wenyewe tunauona dirishani.

Nikaangalia aliyotafuta.

"Taa ya njano barabarani maana yake nini." Hilo alikuwa ameliuliza jana asubuhi. Chini yake: "Majina ya wasichana yanayoanza na S."

Mimi ni Sawsan. Nikayasoma tena maneno hayo. Mimi hodari wa kuona vumbi kwenye nyumba za watu, na hili lililo chini ya pua yangu sikuliona.

"Babu, twende tukanunue kunafa tamu," Talin akaita kutoka mlangoni, viatu tayari miguuni. Baba akachukua ufunguo wa gari.

Nikamfuata, nikamshika mkono. "Baba, mimi naitwa nani?"

"Maswali gani hayo, baba."

"Nijibu tu."

Akanitazama usoni muda mrefu, akitabasamu kama mtu anayemkaribisha mgeni. Kisha tabasamu likamtoka. Akauweka ufunguo kiganjani mwangu, akakifunga kwa vidole vyake, akaniinamia sikioni mtoto asisikie.

"Na huyu mdogo," akanong'ona, "yeye anaitwa nani?"