Seli Zilizokataa Kufa

Jamani, kuna kiburi kama cha seli ya kansa? Nsimire alizimiminia dawa, zikaendelea kuzaana kana kwamba amezipikia uji. Na wiki za kwanza dawa ile ile ilikuwa imeziua zote, pale pale katika maabara ya chuo, Bukavu!

Profesa Bulonza, msimamizi wake, hakuzungukazunguka. "Mutoto yangu, matokeo yenye kuja mara moja tu si matokeo. Ukishindwa tena, utabadilisha somo la utafiti."

Kubadilisha somo! Jasho lote hilo limwagwe kama maji ya kuoshea vyombo! Nsimire alijikaza mbele yake, akatoka, akakaa kwenye ngazi akalia, tena akalia vizuri.

Dawa yake ilikuwa na ujanja mmoja. Ndani ya seli kuna mitokondria, na hizo ni kama mbabula, lile jiko la makaa: zinachoma chakula kwa oksijeni ili seli ipate nguvu. Dawa inazichokoza zitoe cheche nyingi mno, mpaka seli inajiunguza yenyewe. Sasa kwa nini haziungui?

Asubuhi moja umeme ukakatika, kama ilivyokuwa desturi yake siku hizo. Kila mtu wa maabara alijua la kufanya: toa chupa za seli kwenye mashine ya joto, kaza vifuniko, zipange ndani ya sanduku pamoja na mabidoni ya maji ya moto, funika blanketi. Nsimire ndiye aliyewafundisha wenzake, na alijivunia.

"Kaza sana, baridi isiingie!" alimwambia Alphonse, mwanafunzi mwenzake.

Alphonse, mtu wa mizaha, akakaza mpaka mishipa ikamtoka shingoni. "Hapa hata hewa haipiti, maman!"

Nsimire akasimama na blanketi mkononi. "Rudia."

"Hewa haipiti. Nimekosa nini tena?"

Aï! Wiki za kwanza umeme haukukatika hata kidogo. Tangu uanze kukatika, seli zilikuwa zinakosa oksijeni, nazo kwa ujanja wao zikaacha mitokondria zipoe, zikaishi kwa sukari tu. Dawa ilikuwa inachokoza moto uliokwisha kuzimika. Na aliyeuzima ni yeye mwenyewe na blanketi lake!

Alipanga jaribio upya, dawa ikiwa kwenye chupa zote. Za kwanza alilegeza vifuniko. Za pili alivikaza. Za tatu alivikaza pia, ila akaongeza dawa nyingine, ya kuzuia seli isitumie sukari.

Kesho yake Bulonza aliinama kwenye darubini. Za vifuniko vilivyolegezwa: zimekufa. Za pili, za vifuniko vilivyokazwa: hai, zinang'aa.

"Basi kosa tumelijua," alisema. "Hizi zilizokazwa, tupa."

"Situpi, Prof." Nsimire alishangaa kusikia sauti yake ilivyo imara. "Katikati ya uvimbe wa mugonjwa hewa iko kidogo vile vile. Kosa letu limetuonyesha kansa inajificha wapi. Angalia za tatu."

Aliangalia. Akavua miwani, akaifuta kwa koti, akaangalia tena. Hakuna hata seli moja iliyopona.

"Yesu Maria," muzee alinong'ona, kisha akapaza sauti korido nzima isikie: "Njooni! Njooni muone kazi ya Nsimire!"

Nsimire akapiga vigelegele pale pale kati ya chupa zake, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba maabara ni mahali pa kimya.