Kidole cha Saba

Bi Mwanaamina alikuwa anapalilia mpunga Salwa alipofika Salale, kijiji cha delta, na maswali. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa milango, na kampuni moja ilitaka mashamba yale yachimbwe mabwawa ya kufugia kambamiti, na mikoko inayoyakinga na maji ya chumvi ikatwe. Ila kwanza, ilisema, wenyeji waulizwe, ikamtuma Salwa.

Mwanaamina alirudi nyumbani mbio kubadili kanga. Tangu azaliwe hajaulizwa na mtu wa kampuni, na jambo kama hilo halijibiwi kwa kanga ya shambani.

Swali lilikuwa moja: unaukubali mradi kwa kiasi gani? Moja ni kidogo, tano ni kabisa. Wakata boriti wa delta huambiana kwa vidole toka ng'ambo hadi ng'ambo, basi wote walijibu kwa vidole.

"Mwanangu, cha kukataa kipo wapi?" akauliza Mwanaamina.

"Hakipo, shangazi. Mwisho wa chini ni kukubali kidogo."

"Kawaambie waongeze. Hivi vitano havinitoshi."

Salwa alilifikisha ombi ofisini Kibiti. Bwana Idrisa, msimamizi, alifurahi mno, maana aliamini kwamba majibu yakiwa na ngazi nyingi, vipimo hunyooka. Akaweka saba.

Kesho yake delta nzima iliamka na vidole saba mkono wa kulia. Hapakuwa na gumzo. Kampuni imesema saba, ni saba. Jirani Mwinjuma alimenya kamba wake upesi, akapata nafasi ya kulala mchana. Imamu peke yake aliomba wasiongeze tena, kwani watu walikuwa wanapitiliza hesabu ya tasbihi vidoleni. Salwa, kwa kuwa yeye ni muulizaji, alibaki na vitano vyake.

Aliporudi, Mwanaamina alikuwa amekwisha kujitanda, macho yanang'aa, mkono tayari.

"Haya, hivi vipya viwili ni vya nini?"

Salwa akasoma. "Sita, nakubali mno. Saba, nakubali kwa furaha."

Mwanaamina akavitazama. Kisha akavikunja, kimoja baada ya kingine, mpaka ikabaki ngumi, kubwa kama dafu. Akainyanyua. Ng'ambo ya kijito Mwinjuma akaiona, naye akakunja vyake; wakata boriti wakafuata, ngumi zikashuka na mto hadi unapoingia baharini.

"Shangazi, fungua hata kimoja. Ngumi haina namba. Asiyejibu wanamwandika ameridhika."

"Nimejibu, mwanangu. Hata Mwinjuma kasikia, naye ana usingizi."

Salwa akageuza karatasi huku na huku, akakosa pa kuiweka ngumi. Idrisa alipojumlisha, Salale yote ilikuwa imeridhika.

Katapila lilifika mpunga ukiwa bado kijani, wa kufaa kukaangwa na kutwangwa pepeta tu. Salwa alikuja kusaidia kuvuna. Mwanaamina, kwa vidole vyake saba, alikuwa amemwacha nyuma nusu ya shamba.

"Nisamehe, shangazi."

"Vuna, mwanangu, linakuja. Wewe kuuliza umeuliza."