Kisogo cha Arlène

"Yaya Jeannine, batu banasema uko na foto yake."

Ruphin alisimama mlangoni pa saluni na sare yake ya ulinzi, kofia mkononi. Alimwita yaya, yaani dada mkubwa, kama watu wote wa Kivu walivyomwita pale Malvern, mtaa wa Johannesburg. Jeannine alikuwa ameshika mafungu matatu ya nywele za mteja, na msusi haachii fungu hata kama habari iliyoingia ni ya msiba. Aliusuka msuko ule hadi nchani, akaufunga, ndipo akageuka.

"Pole sana, ndugu yangu. Nilisikia jana, sikuamini."

"Kesho kutwa ni sala ya matanga. Bamama banataka foto ya kuweka ku meza. Mimi sina, yaya. Miaka sita tuko pamoja, sina hata moja."

Jeannine alijua. Arlène, mke wa Ruphin, alitoka Uvira akikimbia watu ambao hakupenda kuwataja, na tangu afike Johannesburg alikataa kamera ya mtu yeyote. Simu ikiinuliwa, alikuwa anainamisha kichwa. Hata siku ya ndoa yake alijifunika kitenge usoni, wageni wakacheka wakidhani ni haya ya bibi harusi. Uso wake ulibaki kwenye karatasi ya ukimbizi tu, nayo ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mpaka uso ukawa doa. Sasa homa ya mapafu ilikuwa imemmaliza kwa siku nne.

"Iko," Jeannine alisema. "Lakini iko ndani ya kamera bado."

Hakumwambia lile lingine. Angeanzia wapi? Ruphin alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akashukuru, akaenda zake kazini, maana mlinzi hapewi likizo ya kulia.

Kamera yenyewe aliinunua soko la Newtown, ya zamani, nzito, ya kutia mkanda wa picha thelathini na sita. Wenzake wa saluni walimcheka sana: simu anayo, hilo jiwe la nini? Alipenda mlio wake. Alipenda kuvuta ule mkono mdogo unaosogeza mkanda, na kujua kwamba kilichoingia kimeingia, hakuna kukitazama wala kukifuta. Kutwa wateja walimwambia punguza hapa, rudia pale, mbona upande huu umezidi. Kamera haikumwambia kitu.

Kila siku alijiruhusu picha moja tu, ya mteja wa mwisho akikubali, na kila picha ilikuwa ya kisogo. Mteja hujiona mbele kwenye kioo. Kisogo ni cha msusi. Huko ndiko kazi ya saa tano inakolala, na mwenye kichwa anaondoka nacho bila kukiona. Basi alimsimamisha mteja mlangoni akitazama barabara, mwanga wa jioni ukimpiga, akabofya mara moja. Jumapili alizipanga picha kitandani na kuzitazama, miguu yake iliyovimba ikiwa kwenye beseni la maji moto. Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yake, na hakumwomba mtu radhi kwa ajili yake.

Arlène aliupenda mpango huo kuliko wateja wote. "Kisogo piga, yaya," alikuwa akisema. "Kisogo hakina jina."

Alikuja kusukwa wiki tatu zilizopita, mwanawe Jocelyne mgongoni. Mtoto wa miaka mitatu, mzito, anayekataa kushuka. Kumfungua tu kutoka kwenye kitenge kulikuwa vita, na alilia kwenye benchi mpaka usingizi ukamchukua. Mistari ilipokwisha, Arlène alisimama mlangoni. Jeannine akabofya. Na Arlène akageuka, anacheka, akauliza, "Umemaliza?"

Aligeuka kabla ya mlio, au baada yake? Baada ya Ruphin kuondoka, Jeannine alisuka hadi jioni akijiuliza hilo tu. Kama ni kabla, uso uko ndani ya mkanda. Kama ni baada, atampelekea mwanamume aliyefiwa picha ya nywele. Kilichomchosha zaidi ni kwamba hakujua aombe lipi. Arlène aliulinda uso ule miaka yote, halafu yeye ndiye awe mtu wa kuuweka mezani?

Jumatano asubuhi alifunga saluni akaenda Fordsburg, kwa Fahad, mtu wa Tanga mwenye duka dogo la picha ambaye bado alisafisha mikanda kwa mkono wake mwenyewe katika chumba cha nyuma.

"Mama Jeannine, hapa umefika ishirini na mbili," Fahad alisema akiitazama kamera. "Kumi na nne unazitupa? Wewe niliyekujua hutupi hata moja!"

"Nimefiwa, Fahad. Mtu wangu yumo humo."

Fahad akaacha utani. "Innalillahi. Pole, dada yangu. Lete."

Jeannine alijaribu kuurudisha mkanda mwenyewe, lakini kidole gumba kiligoma. Miaka kumi na moja ya kusuka ilikuwa imekaa kwenye kiungo kile. Fahad akaichukua kamera taratibu, akazungusha, akaingia chumba cha nyuma. Jeannine alikaa kwenye stuli akaegemea ukuta. Baridi ya Julai ilipanda kutoka sakafuni. Alisinzia, akashtuka, akasinzia tena.

Fahad alitoka ameshika mkanda wenye majimaji, akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Jeannine alipita haraka juu ya visogo vya wiki tatu hadi alipomfikia. Kila kitu kilikuwa kinyume: barabara nyeusi, kichwa cheupe. Mistari tisa ikishuka. Shingo. Kipande cha sikio.

"Alikuwa hajageuka," alisema.

Akaketi. Huzuni ilimjaa, na chini ya huzuni kulikuwa na nafuu, naye akaionea aibu nafuu hiyo.

Fahad aliinama juu ya ile picha. "Mistari imenyooka. Kwetu msuko huu unaitwa twende kilioni," alisema, kisha akasikia alichokisema. Akajikohoza. "Nitakutolea kubwa. Na fremu ya kioo nitatafuta."

Alhamisi alasiri nyumba ya Ruphin ilijaa. Wanawake walikaa kwenye mikeka, mablanketi mabegani. Walikuwa wakimpokezana Jocelyne. Kila aliyemfunga mgongoni alimrudisha baada ya muda, kwa maana alijikunja, akapiga mateke, akalia kwa sauti iliyokwisha kukauka.

"Hajalala tangu Jumatatu," mmoja akamnong'oneza Jeannine. "Anajaribu migongo yote, anaikataa."

Jeannine alimvuta Ruphin pembeni. "Nisamehe. Nilipaswa kukuambia mapema. Ni nyuma tu. Uso haumo."

Ruphin aliishika fremu akaitazama muda mrefu. Shangazi yake Arlène, mama mnene aliyetoka Pretoria kwa ajili ya matanga, alichungulia juu ya bega lake.

"Mungu wangu! Foto gani hii inatupa kisogo? Tutasali tukiangalia nywele?"

Jeannine alitamani ardhi immeze.

"Weka ku meza, shangazi," Ruphin alisema. Sauti yake ilikuwa imechoka kabisa. "Ndiyo yeye."

Ikawekwa kwenye meza fupi, ikaegemezwa ukutani, mshumaa kila upande. Wimbo ukaanza, dhaifu, wa watu waliokwisha kulia sana.

Jocelyne alitua chini kutoka mgongo wa mwisho. Alisimama mbele ya meza, kamasi zimemkauka, akaitazama picha. Mwimbaji mmoja akanyamaza, kisha wa pili. Mtoto akapanua mikono, akaishika fremu pande zote mbili, akalaza shavu lake juu ya kioo, chini kidogo ya shingo, pale mistari inapoishia. Akatia kidole gumba mdomoni.

"Ataivunja," shangazi alisema akiinuka, "na ile mishumaa…"

Ruphin aliinua mkono kumzuia, akaisogeza mishumaa mwenyewe.

Mkono wa Jeannine ulikwenda wenyewe ndani ya mkoba, ukaigusa kamera, ukakumbuka kwamba haina mkanda. Akauacha humo humo. Macho ya mtoto yalifumbika, yakafumbuka, yakafumbika. Mbele ya pua yake kioo kilishika ukungu, ukafutika, ukarudi tena.