Daku ya Munira

"Babu, vidole gani hivi? Sindano inagoma," alisema Nesi Noela, akakiacha kidole cha shahada cha Nurdin na kujaribu cha pete.

Nurdin akacheka. Miaka arobaini ya kuchonga mpingo ilikuwa imemvika ngozi ya pili. Lakini tangu ngiri imshuke hakuweza tena kulibana gogo kwa miguu. Uani kwake Tabata, sanamu ya mama ilikuwa imechongwa hadi kiunoni tu, sehemu ya chini bado imenasa ndani ya gogo, ikisubiri kuchongwa miguu. Miezi minne Nurdin aliingoja siku hii ya upasuaji.

Tone la damu likatoka. Kipimo kikalia.

"Sukari kumi na nne! Umefunga kweli?"

"Nimefunga, mwanangu."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu adhana ya alfajiri."

Noela akaacha kuandika. "Na kabla ya adhana?"

Kwenye benchi, Munira, mkewe, alikamata pindo la khanga. Waliambiwa mgonjwa afunge, nao wakafunga kama walivyofunga maisha yao yote. Saa kumi alfajiri alimwamsha, akampa wali wa nazi na chai, akamtilia kiganjani vidonge vyake vya kisukari. Sasa alikuwa ameelewa. Machozi yakamjaa machoni.

Nurdin pia alielewa. Angeweza kusema alikunywa maji tu. Aliwahi kuona ufa wa sanamu ukizibwa kwa kiwi ya viatu, mnunuzi akaondoka anachekelea. Jua kali la kwanza, sanamu ikapasuka.

"Nilikula daku," akasema. "Kwa ulafi wangu. Mama huyu alinikataza."

Munira akainuka. "Mwongo! Huyu hata chai hajui kuchemsha!"

Noela akaangua kicheko, kisha akamshika mzee bega. "Ungetapika kwenye usingizi wa dawa, babu, chakula kikaingia mapafuni. Umefanya vyema kusema."

Akaenda kwa daktari, akarudi na kadi: upasuaji Alhamisi ijayo. Chini yake, kwa herufi kubwa: MWISHO WA KULA SAA SITA USIKU. VIDONGE VYA ASUBUHI ASIMEZE. HAKUNA DAKU.

Alasiri, uani, Munira alitandika gunia, akaketi, akalibana gogo kwa nyayo zake.

"Mama Twaha, unafanya nini?" Nurdin akamuuliza mkewe.

"Chonga. Ila gonga taratibu, mie vidole vyangu kumi tu."

Nurdin akaishika patasi. Akagonga mara moja, kidogo mno. Unga mweusi ukadondoka juu ya khanga ya Munira, naye hakuukung'uta.