Mshale Kwenye Jiwe la Mpaka

"Ukilitia sururu kaburi la Silvano, Baba Yusta, utanifukia na mimi humo humo!"

"Shemeji, usipayuke. Mshale umeelekea wapi?"

Bertha hakuangalia. Alishaangalia tangu asubuhi, na nusu ya kijiji cha Kwai ilishaangalia kabla yake. Kwenye jiwe la mpaka, kati ya shamba lake na la shemeji yake Hezekia, Baba Yusta, palikuwa na tundu la duara na mshale mwekundu. Ulielekea moja kwa moja kwenye kaburi la marehemu mumewe.

"Mali ya Mjerumani, aliyoifukia akikimbia vita," Hezekia alisema, na watu wakaitikia. Siku hizi kuchimba vito ni ruksa, kila mwenye sururu ni mchimbaji.

"Kaburi si ulichimba mwenyewe?" Bertha akamuuliza. "Uliona nini?"

"Tuliishia kwenye mwamba. Kumbe ni mfuniko! Tutamhamisha kwa heshima, hata mchungaji..."

"Mhamishe mama yako!"

Sururu likapanda. Bertha akajilaza juu ya kaburi, kanga na yote.

"Shikamooni."

Alikuwa Davis, yule kijana wa chuo kikuu anayeshinda akigonga mawe. Hezekia akajikuta anaitikia marahaba, sururu lingali hewani.

"Mshale nimeuchora mimi jana. Ni kaskazini tu."

"Muongo! Mali umeshaitoa!"

Davis akatoa mfukoni kipande cha jiwe kinene kama kidole gumba, akakitumbukiza tunduni. Kikaenea barabara, mstari wake mwekundu ukaungana na mshale. Kisha akaweka dira juu yake. Sindano ikatulia palepale.

"Mali yenyewe ndiyo hii. Ndani mna chembe za chuma. Jiwe lilipokuwa likipoa, zilielekea kaskazini ya wakati ule. Bila mshale, nikifika maabara sitajua lilikaaje. Tukilinganisha na mawe ya Madagaska na India, tunajua nchi zilikuwa wapi. Zilisogea, zikagongana, zikawa bara moja, baadaye zikaachana. Mwamba wa chini ya kaburi ni huu huu. Si mfuniko."

Sururu likashuka taratibu, likagusa majani.

"Kwa hiyo India ilikuwa jirani yangu?" Hezekia akauliza.

"Ndiyo maana ilihama," Bertha akasema, akijipangusa udongo. Watu wakaangua kicheko, Hezekia hakucheka. Alibaki analitazama kaburi alilolichimba kwa sururu lilelile.

Bertha akamwacha asimame hivyo kidogo.

"Sururu liegeshe hapo nje, Baba Yusta. Na wewe mwanangu, njoo. Makande yameiva, ingieni mpate kula."